Bandari Huanzia Kisimani

 Wewe unayechochea moto chini ya sufuria ya muthokoi, wewe unayefunga kibanda chako sokoni Zombe hapa Kitui, wewe dereva uliye njiani ukitoka Mwitika na vumbi lako, vuta kiti tuketi kidogo.

Leo nataka tuzungumze juu ya bandari. Najua kuna anayejiuliza: mtu wa Zombe na bandari, wapi na wapi? Kwetu tunaamka tukivitazama vilima vya Mutitu na Endau, na mito yetu karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Mimi mwenyewe niliiona bahari kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Lakini nivumilieni. Miaka michache iliyopita nilisafiri kwa jahazi kutoka Mombasa kwenda kisiwa cha Pate, na njiani chombo chetu kikatia nanga siku tatu katika mji mdogo uitwao Shela, kisiwani Lamu. Siku hizo tatu zilinionyesha kwetu kuliko nilivyowahi kukuona nikiwa hapa hapa. Na tangu nirudi, neno moja halijanitoka moyoni: bandari huanzia kisimani.

Tuling'oa nanga Bandari ya Kale, Mombasa, mwezi wa nane ukiwa unakwisha. Watu wa pwani huuita msimu huo demani. Kusi, ule upepo unaovuma kutoka kusini tangu mwezi wa nne, unakuwa umepoa ukali wake lakini bado unasukuma vyombo kuelekea kaskazini. Mwaka ukikaribia kwisha upepo hugeuka ukawa kaskazi, na kwa karne nyingi kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi kwenye pwani yetu. Yalikuja na tende, mazulia na vyombo vya udongo, yakakaa miezi kadhaa yakingoja, kisha yakarudi na kusi yakiwa na pembe za ndovu na boriti za mikoko. Mkulima wa Ukambani naye anaujua mgeuko huo hata kama hajawahi kuona tanga. Mvua yetu ya kutegemewa, ile ya mwezi wa kumi na moja, hunyesha wakati uleule pepo zinapobadilishana zamu. Baharia na mkulima wanasoma anga moja.

Jahazi letu lilikuwa na mlingoti mmoja ulioinamia mbele na foromali ndefu kama mti wa mnazi. Lilikuwa limebeba saruji, mabati na magunia ya unga. Mabaharia walikuwa sita pamoja na nahodha, nami wa saba, mgeni asiyejua kitu. Walinipa kata na kunionyesha ngama, pale chini kabisa ambapo maji yanayopenya mbaoni hukusanyika. Kazi yangu ikawa kukumba maji. Nilicheka moyoni, maana kwetu mtu huinama shimoni asubuhi nzima akitafuta maji ayatoe ayanywe, na hapa nilikuwa nainama kuyatoa niyatupe.

Siku ya pili tukapita mbele ya Malindi. Nahodha akaniita, akaninyoshea kidole kuonyesha bahari upande wa nchi kavu. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Waona pale?" akaniuliza. "Hapo ndipo Sabaki inapoingia baharini. Huo ni udongo wenu, watu wa bara."

Nilinyamaza. Mto Sabaki ndio ule ule Athi tunaoujua, ambao katikati huitwa Galana. Thwake na Kaiti, mito ya Makueni, huishia humo. Kwa hiyo shamba la mtu fulani wa Makueni, lililobebwa na mvua ya mwaka fulani, lilikuwa linaelea mbele yangu likielekea Bahari Hindi. Nimesikia habari za mmomonyoko wa udongo tangu shule ya msingi, lakini sikuwahi kuuona ukiwa safarini hivyo.

Usiku ule, baada ya kupita Ras Ngomeni, mawimbi ya ubavuni yakaanza kututikisa. Chombo kikaenda mrama, na pipa letu la maji ya kunywa, ambalo halikufungwa vizuri, likalala. Kifuniko kikang'oka. Tuliposikia mlio na kukimbilia pale, maji matamu yalikwisha kuchanganyika na ya chumvi yaliyokuwa ngamani. Ikabaki jerikeni moja, nayo haikujaa. Nahodha hakumgombeza mtu. Alichukua kikombe cha chai, akasema, "Kila mtu kimoja asubuhi, kimoja adhuhuri, kimoja magharibi, mpaka Mungu atufikishe."

Wasikilizaji, mimi nimezaliwa katika nchi ya ukame. Kiu si mgeni kwangu. Lakini kiu ya baharini ina uchungu wake, kwa sababu umezungukwa na maji mpaka upeo wa macho, yanakurukia usoni, yanalowanisha shati lako, na huwezi kuyanywa. Kesho yake jua lilipopanda, hakuna aliyezungumzia upepo wala mzigo. Tulizungumzia visima. Kila baharia alikuwa na kisima anachokijua katika mji fulani wa pwani, na alikieleza kama mtu anavyomweleza mama yake: kilipo, kina chake, utamu wa maji yake, na jina la mlango ulio jirani nacho. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Katika ramani ya vitabu, bandari ni alama ya nanga. Katika kichwa cha baharia, bandari ni kisima na mtu anayekaa karibu nacho.

Jioni tukaingia kwenye mlango wa bahari ulio baina ya kisiwa cha Lamu na kisiwa cha Manda. Kulia Manda, mikoko na miamba. Kushoto Shela, nyumba nyeupe, mnara wa msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1829, na nyuma ya nyumba vilima vikubwa vya mchanga vinavyong'aa kama unga. Safari yetu ya Pate ilitaka tupite Mkanda, ule mkondo mwembamba ulio baina ya Manda na bara, ambao haupitiki ila maji yakijaa. Zilikuwa siku za maji mafu, na chombo chetu kilikuwa kimezama sana kwa mzigo. Ikabidi tungoje bamvua ianze, bahari ijae zaidi. Ndiyo sababu ya zile siku tatu.

Sasa sikilizeni nahodha alivyofanya. Kiu ilikuwa imetubana, pipa letu tupu, na visima viko hatua chache kutoka ufukweni. Mimi nilikuwa nimeshashika jerikeni. Nahodha akanizuia. Akanawa uso kwa maji ya bahari, akavaa kanzu yake na kofia, akashuka peke yake mpaka kwenye baraza jirani na msikiti, akawasalimu wazee waliokuwa wameketi pale. Nilimwona akishikana nao mikono mmoja mmoja, akiulizwa habari za Mombasa, za safari, za upepo. Haikuchukua dakika kumi, nami nikaziona kama mwaka. Kisha akageuka, akatupungia mkono.

Baadaye nilimuuliza, mbona hakuomba maji kwanza na salamu baadaye? Akanijibu, "Chombo hubisha kikipingana na upepo. Mtu hubisha hodi kabla ya kuingia kwa mwenziwe. Asiyejua kubisha, bahari itamshinda na mji pia utamshinda."

Mzee mmoja akainuka akatuongoza mwenyewe. Kisima kilikuwa na ukingo wa mawe ya matumbawe, umelainika kwa miaka ya kamba kupita palepale. Akatupa ndoo, akaivuta, akanipa mimi kwanza, maana alijua kwa kunitazama kwamba si baharia. "Kunywa mai, mwanangu," akasema. Watu wa Lamu hawasemi maji, husema mai. Sisi wa Kitui tunasema manzi. Nilikunywa mpaka nikahisi baridi inashuka kifuani, na yalikuwa matamu, wasikilizaji, matamu kabisa, hatua mia mbili tu kutoka bahari ya chumvi.

Nikamuuliza, "Mzee, haya maji yanatoka wapi? Sioni mto wala mlima."

Akacheka kidogo, akaninyoshea vile vilima vya mchanga. "Mlima wetu ndio huo."

Siku ya pili akanipeleka huko. Tulipanda tukizama mpaka vifundoni. Akapiga goti, akafukua kwa mkono. Mchanga wa juu ulikuwa mkavu na wa moto. Akaendelea. Kiganja cha tatu, cha nne, mchanga ukabadilika rangi ukawa mweusi kidogo. Akanitilia mkononi. Ulikuwa baridi, na nilipoufumba ukashikana kama unga wa ugali uliotiwa maji ya kwanza. Akanieleza kwamba mvua ikinyesha Shela haikimbii kwenda baharini. Mchanga huinywa yote. Maji hushuka polepole mpaka chini, na huko chini hukutana na maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini. Kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake, yameelea kama mafuta juu ya mchuzi. Visima vya Shela huchota kutoka tabaka hilo, na mji mzima wa Lamu, ule uliotiwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, umekuwa ukiyategemea maji ya vilima hivyo. Ukichota kwa pupa, tabaka la juu huisha na chumvi hupanda. Ukijenga majumba juu ya vilima au ukauhamisha mchanga, umevunja ghala lenyewe.

Na hilo si tishio la maneno matupu, kwa maana mfano uko ng'ambo, unaonekana kwa macho. Kisiwani Manda kuna magofu ya mji wa Takwa. Ulikuwa mji wa Waswahili wenye msikiti, ukuta na kaburi lenye nguzo ndefu. Katika karne ya 17 watu wake waliuhama. Sababu moja inayotajwa tangu zamani ni maji ya visima kuingia chumvi. Walivuka mlango wa bahari wakaja kuishi Shela, penye mchanga wenye maji matamu. Na wajukuu wao hawakusahau walikotoka. Watu wa Shela wamekuwa na desturi ya kuvuka kwenda Takwa kwenye kaburi lile kuomba dua ya mvua. Niliposikia hivyo nilikumbuka wazee wetu wa Ukambani na sehemu zao za kuombea mvua chini ya miti mikubwa. Niliona haya kwa jinsi nilivyokuwa nikiwadhania watu wa pwani kuwa ni watu wa maji wasioijua shida ya maji.

Siku hizo tatu tulikula kwao. Asubuhi mahamri na chai ya tangawizi, jioni mkate wa mofa na samaki. Katika nyumba tuliyokaribishwa, maji ya kuogea yalikuwa kwenye birika lililojengwa kwa mawe na chokaa, na ndani yake walifuga samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika walikuwa wametia bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wapate mahali pa kujificha. Nilitazama bakuli lile kwa muda mrefu. Watu wanaomfikiria samaki wa birikani siku ya maji kupungua, hawawezi kumsahau mgeni.

Pwani yetu ina historia ndefu ya ukarimu wa namna hiyo, na historia yenyewe ina mafunzo mawili. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 merikebu za Vasco da Gama zilifika Malindi zikitoka Mombasa ambako mambo yalikwenda vibaya. Mfalme wa Malindi aliwapokea. Aliwapa kondoo, viungo, na zaidi ya yote aliwapa mwanamaji wa Kigujarati anayeijua njia ya Bara Hindi. Wareno waliandika cheo chake kama Malemo, nalo ni neno lile lile mwalimu, maana katika lugha ya bahari mwalimu ni mtu anayeongoza chombo kwa nyota. Waliondoka Aprili 24, na kwa kuwa walifuata upepo wa msimu na mtu aliyeujua, walitia nanga karibu na Calicut Mei 20, chini ya mwezi mmoja. Kurudi hawakungoja upepo wa mwenyeji. Waliondoka mapema mno, wakakaa baharini karibu miezi mitatu, na mabaharia wapatao thelathini wakafa kwa ugonjwa wa fizi unaoletwa na kukosa matunda na mboga. Waliobaki walipokelewa tena na Malindi ile ile, Januari 1499, kwa machungwa na nyama. Walikuwa wamebaki wachache hivi kwamba siku chache baadaye ikabidi waichome merikebu moja, kwa kukosa mikono ya kuiendesha.

Funzo la kwanza ni kwamba mgeni asiyesikiliza upepo wa mwenyeji hujiangamiza. La pili ni zito zaidi. Mwaka 1505 Wareno walirudi na mizinga wakaiteka Mombasa na kuichoma. Bandari inayofungua mlango inahitaji pia macho. Ukarimu wa watu wa Shela, wa kumsalimu mgeni, kumuuliza atokako na aendako, kisha kumpeleka kisimani wakiwa naye, una hekima hiyo ndani yake. Wanakupa maji na wanakujua.

Sasa turudi nyumbani. Msidhani nimewapeleka Lamu nikawaacha huko.

Mwaka 1851, mwezi wa nane kama ule niliosafiri mimi, mmishonari Ludwig Krapf alikuwa huku kwetu. Alikuwa amekuja mara ya kwanza mwaka 1849, na Desemba 3 mwaka huo, akiwa Kitui, aliuona mlima Kenya. Safari ya pili alifuatana na Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba ambaye misafara yake ya pembe za ndovu iliunganisha Kitui na bandari ya Mombasa. Karibu na mto Tana wakashambuliwa, Kivoi akauawa, Krapf akakimbilia porini peke yake. Alifika Tana, akanywa, akakosa chombo cha kubebea maji. Basi akajaza mtutu wa bunduki yake na mfuko wa ngozi wa darubini, akaziba kwa majani na kitambaa. Maji yale hayakumfikisha mbali. Kiu ikamshika tena katika nyika hii hii yetu. Ndipo akafika kwenye mto mkavu wa mchanga, akasikia kelele za nyani. Walikuwa wamechimba shimo mchangani. Krapf akaenda kwenye shimo lile, akakuta maji, akapona. Mtu huyo ndiye aliyeandika kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882. Sehemu ya lugha tunayozungumza sasa hivi hewani ilihifadhiwa na mtu aliyeokolewa na mchanga wa Ukambani.

Nilikuwa naijua hadithi hiyo tangu zamani. Lakini sikuielewa mpaka mzee wa Shela aliponitilia mchanga baridi mkononi. Mchanga wa mito yetu, Thua na Tiva na mingine midogo isiyo na jina kwenye ramani, ni Shela yetu. Mama zetu wanaochimba mashimo kwenye mto mkavu na kuyazungushia miiba mbuzi wasiingie, wanachota kutoka ghala la namna ileile.

Na sisi tumekwenda hatua moja mbele ya Shela. Wao mchanga wao uliletwa na upepo. Sisi tumejifunza kuutega. Ukijenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto wa msimu, palipo na mwamba chini, mvua ya kwanza huleta mchanga, mzito hukaa nyuma ya ukuta na tope jepesi hupita juu. Baada ya misimu kadhaa nyuma ya ukuta kumejaa mchanga mpaka juu, na katika mchanga huo, robo mpaka theluthi ya ujazo wake inaweza kuwa maji. Jua haliyafikii, maana chini ya kina cha mkono mzima hayakaushwi. Mbu hapati pa kutagia. Ng'ombe hayachafui. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL limejenga mamia ya mabwawa hayo ya mchanga hapa Kitui pamoja na wananchi, na kazi imefanywa kwa mwethya, yaani kazi ya ushirika, watu wakibeba mawe na maji wenyewe, wengi wao kina mama. Leo wageni kutoka nchi nyingine huja kujifunza kwetu.

Lakini malori ya kuchota mchanga nayo huja. Usiku huja, na wakati mwingine mchana. Mchanga wa mto ukichotwa mpaka mwamba ubaki wazi, mvua ijayo hupita kama mtu anayekimbia deni, inachukua na udongo wa shamba, na mwisho wake ni ile rangi ya chai niliyoiona kwenye bahari ya Malindi. Mashimo ya mama zetu hukauka. Makueni waliliona hilo mapema wakatunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, baada ya ugomvi uliogharimu hata maisha ya watu. Nawapongeza majirani zetu kwa dhati. Lakini sheria ina macho machache. Macho mengi ni yenu, ninyi mnaoishi kando ya mto. Pesa ya lori moja huisha kabla ya mwezi kwisha. Mchanga uliochukuliwa unaweza kuhitaji misimu mingi ya mvua kurudi, na misimu yetu mnaijua.

Nina jambo jingine, nalo nalisema kwa unyenyekevu kwa sababu linagusa vidonda. Zombe ni bandari. Anayetoka Kitui mjini kuelekea nyika za mashariki hupumzika hapa, hununua hapa, hutengeneza gurudumu hapa. Na kiangazi kikizidi, huja wafugaji na ngamia zao kutoka upande wa Tana. Watu wamekufa katika ugomvi wa maji na malisho, wa pande zote mbili. Sitasimama hapa kuwaambia waliozika ndugu zao kwamba jambo hilo ni jepesi. Nasema tu nilichokiona Shela. Yule nahodha alikuwa na kiu na hakugusa kisima mpaka alipobisha hodi. Yule mzee alikuwa na kisima na hakumnyima aliyebisha hodi. Kila mmoja alikuwa na wajibu wake na hakuna aliyeuruka. Mfugaji anayetaka maji aje kwa wazee, aseme ana ngamia wangapi na atakaa siku ngapi. Nasi tuwe na wazee wanaojulikana, wanaopatikana, wenye neno moja. Kisima kisicho na utaratibu hugombaniwa hata na ndugu wa tumbo moja.

Nilipotoka Shela, asubuhi ya nne bahari ikiwa imejaa, yule mzee alinipa chupa ya maji. "Mpelekee mama yako," akasema. Nikaibeba mpaka Pate, nikarudi nayo Mombasa, nikapanda nayo basi mpaka Kitui, na matatu mpaka Zombe. Mwaitu, mama yangu, akaipokea kwa mikono miwili. Hakuniuliza habari za mawimbi, wala za samaki. Alimimina kidogo kwenye kikombe, akaonja, akayashika mdomoni kabla ya kumeza kama afanyavyo anapoonja maji ya shimo jipya mtoni.

"Yametoka mchangani haya," akasema.

Nikashangaa. Nikamwambia ndiyo, mwaitu, yametoka mchangani, kando kabisa ya bahari.

Akanyamaza kidogo, halafu akauliza swali moja tu: "Na huo mchanga, nani anaulinda?"

Nilimweleza habari za wale wazee wa barazani. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Kisha akachukua jembe dogo na kibuyu, akaenda mtoni kwetu, maana jua lilikuwa linashuka na shimo lilikuwa bado halijafukuliwa.

Swali lake nawaachia ninyi wa Zombe, wa Mutitu, wa Wote na wa Kibwezi. Lijibuni kwenye mwethya wenu wa wiki hii.